Wino unaoziba kalamu na wino unaofutika

Miaka michache iliyopita mama mmoja mjane alikuja kwetu parokiani. Ndugu za marehemu mume wake walitaka kumnyang'anya shamba, wakisema hakuwa mke wa ndoa. Mama alikumbuka vizuri mwaka wa arusi yake, ni 1968, akatuomba tumwonyeshe jina lake katika daftari la ndoa.

Tulifungua daftari. Lakini wakati wa masika mvua kubwa ilipita katika paa, na maji yaliingia katika sanduku la vitabu. Ukurasa wa mwaka 1968 haukuwa na majina tena. Tuliona madoa ya rangi ya samawi tu, kama nguo iliyochuja. Tukafungua na daftari la zamani zaidi, la miaka ya 1930, lililolowa maji yale yale katika sanduku lile lile. Majina yote yalisomeka.

Tukamwuliza mzee mmoja aliyekuwa karani wa misioni siku za ujana wake. Akacheka, akasema: «Wino ule wa zamani tuliuchukia sana. Kila asubuhi kalamu ilikuwa imeziba. Ulipokuja wino mpya wa samawi, tulifurahi.» Jibu hilo lilitushangaza. Je, wino uliowasumbua makarani ndio uliotunza majina ya watu? Basi tutafute habari zake tangu mwanzo.

Wino wa masizi na wino wa chuma

Watu wa kale wa Misri na wa China walitengeneza wino kwa masizi ya moto na gundi. Wayunani walichovya mwanzi uliochongwa, ulioitwa kalamos. Ndiyo asili ya neno letu kalamu, lililotufikia kwa njia ya Kiarabu. Baadaye watu wa Ulaya waliandika kwa unyoya wa bata bukini. Kwa Kilatini unyoya ni penna, na jina hilo liliishika kalamu hata manyoya yalipoachwa.

Wino wao mkubwa ulitoka katika mti wa mwaloni. Nyigu mdogo hutaga yai katika mti huo, na mahali pale mti huvimba na kufanya kinundu. Vinundu hivyo vina ukali unaokaza ulimi, kama ule wa ndizi mbichi. Watu walivisaga, wakaviloweka, wakatia chumvi ya chuma, kisha utomvu wa mti wa mgunga ili wino usiwe mwepesi mno. Wino huu ukiandikwa ni hafifu. Ukipata hewa, unageuka kuwa mweusi na kushika ndani ya karatasi, wala maji hayautoi kwa urahisi. Biblia ya mkono iitwayo Codex Sinaiticus, ya karne ya 4, iliandikwa kwa wino wa namna hiyo, na mpaka leo inasomeka.

Lakini wino huu una ukali wake. Ukitengenezwa vibaya, unakula karatasi na ngozi iliyoandikwa. Mwaka 1898 Padri Franz Ehrle, Mjesuiti aliyekuwa mkuu wa Maktaba ya Vatikano, aliwakutanisha wataalamu wa nchi mbalimbali huko St. Gallen, Uswisi, washauriane namna ya kuokoa vitabu vya kale vilivyokuwa vikiliwa hivyo.

Kwa unyoya wino mzito haukuwa shida kubwa. Mwandishi alichovya, akaandika maneno machache, akachovya tena. Ncha ikiziba, aliipangusa; ikichakaa, aliichonga upya kwa kisu.

Kalamu inayobeba wino wake

Shida ilianza watu walipotaka kubeba wino ndani ya kalamu yenyewe. Petrache Poenaru, kijana wa Rumania aliyekuwa akisoma Paris, alipewa hati ya serikali ya Ufaransa kwa kalamu ya namna hiyo tarehe 25 Mei 1827. Wengine wengi walijaribu baada yake. Lakini kalamu zao mara zilikataa kuandika, mara zilitapika wino juu ya karatasi.

Kwa nini? Ushikeni mrija wa kunywea pombe. Uchovyeni katika chungu, zibeni tundu la juu kwa kidole, kisha uinueni. Pombe haishuki, kwa sababu hewa haina njia ya kuingia juu yake. Ondoeni kidole: hewa inaingia, na pombe yote inamwagika mara moja. Kalamu ni vivyo hivyo. Wino hautoki vizuri kama hewa haiingii kushika nafasi yake. Na hewa ikiingia nyingi kwa ghafula, wino unamwagika.

Mwaka 1884 Lewis Edson Waterman wa New York alipata hati ya dawa ya ugonjwa huo. Chini ya ncha aliweka kipande kama ulimi, chenye mfereji mwembamba, na ndani ya mfereji mikato myembamba zaidi. Wino unashuka kwa kushikamana na mikato hiyo, kama mafuta yanavyopanda katika utambi wa taa, na hewa inapanda kidogo kidogo kuchukua nafasi yake. Husimuliwa kwamba Waterman alikuwa wakala wa bima, na kwamba kalamu iliyovuja ilimpotezea mkataba mkubwa. Wanaochunguza historia ya kalamu hawaikubali hadithi hiyo. Lakini ulimi alioubuni ni kweli, na kalamu za wino za leo bado zinafuata kanuni ile ile.

Mwingine alikuwa mwalimu. George Parker alifundisha kazi ya telegrafu mjini Janesville, Marekani, na aliwauzia wanafunzi wake kalamu. Kalamu zikaharibika, wanafunzi wakamrudishia, naye akazitengeneza jioni baada ya masomo. Mwisho akaamua kutengeneza zake mwenyewe, akaanza kampuni mwaka 1888. Mwaka 1894 alipata hati ya ulimi uliopindwa. Mwenye kalamu akiiweka wima mfukoni, wino uliobaki katika ulimi unarudi tumboni mwa kalamu, hauvujii kifunikoni.

Wino mpya

Kalamu ilikuwa tayari, lakini wino wa chuma haukupatana nayo vizuri. Unapokutana na hewa unafanya chembe ngumu, na chembe hizo hukaa katika mfereji mwembamba kama tope katika mtaro. Tena ukali wake ulikula ncha za chuma. Kwa hiyo kalamu nzuri zilipewa ncha za dhahabu. Mapema, mwaka 1832, Henry Stephens wa London alikuwa ameanza kuuza wino mwepesi zaidi. Uliandika kwa rangi ya samawi, kisha ukawa mweusi baada ya kufika karatasini. Hata hivyo, asiyeosha kalamu yake aliikuta imeziba.

Msaada ulitoka mahali ambapo hakuna aliyeutazamia. Mwaka 1856 William Henry Perkin, kijana wa miaka 18 huko London, alikuwa akijaribu kutengeneza kwinini, ile dawa ya malaria. Kwinini hakuipata. Alipata rangi ya zambarau, iliyotokana na lami ya makaa ya mawe. Baada yake wataalamu walipata rangi nyingine nyingi za namna hiyo. Baadhi yake huyeyuka kabisa katika maji, kama sukari katika chai, bila chembe. Wino wa rangi hizo unateremka vizuri katika kalamu. Na ukikauka humo, maji safi yanauondoa.

Lakini tuangalie sana hapo, wasomaji. Wino ambao maji yanauondoa katika kalamu, maji yanauondoa katika karatasi pia. Ndiyo habari ya ukurasa wa mwaka 1968. Kila mwandishi anaudai wino wake mambo yanayopingana: ukauke upesi juu ya karatasi, usikauke ndani ya kalamu, tena udumu mpaka wajukuu. Mwaka 1931 kampuni ya Parker ilitoa wino uitwao Quink, uliosifiwa kwa kukauka upesi karatasini. Mwaka 1941 ikatoa kalamu iitwayo 51, ambayo ncha yake imefunikwa karibu yote, hewa isiikaushe.

Wengine waliacha wino wa maji. László Bíró, mwandishi wa magazeti wa Hungaria, pamoja na ndugu yake György, walitumia wino mzito wa mafuta na kigololo kidogo kinachozunguka kwenye ncha. Hati yao ni ya mwaka 1938. Mwaka 1950 Marcel Bich alianza kuuza huko Ufaransa kalamu ya bei ndogo ya namna hiyo, ile Bic tunayoijua sote. Wino wake hauogopi sana maji, lakini jua huufifisha.

Tufanye nini?

Mwenye kalamu ya wino aifunike kila mara anapoacha kuandika. Ikiziba, aiondolee wino wote, aloweke ncha usiku kucha katika maji safi ya baridi, kisha aioshe mpaka maji yatoke meupe. Asitumie maji ya moto wala spiriti, maana huharibu kalamu. Asichanganye wino wa namna mbili. Asitie kamwe wino mweusi wa kuchorea ramani, kwa maana huo ukikauka ndani hautoki tena. Na karatasi iliyoshikwa kwa mikono yenye mafuta huukataa hata wino mzuri.

Kwa barua na mazoezi ya shule, wino wowote unafaa. Lakini kwa madaftari ya ubatizo, ya ndoa na ya mashamba, tuchague wino usiotoka kwa maji, hata ukitutaabisha kuosha kalamu kila juma. Huko Uingereza, kabla ya kuanza kuandikisha ndoa kwa mashine mwaka 2021, makarani wa ndoa walikuwa bado wakitumia wino wa chuma kwa sababu hiyo.

Na yule mama? Mzee karani alikuja mwenyewe mbele ya Padri na wazee wa ukoo. Akasema: «Ukurasa huu niliuandika mimi, kwa wino ule mpya. Nilikuwa arusini.» Mwanamke aliyemsimamia bibi arusi siku ile naye alikuwa hai, akashuhudia vilevile. Ndoa ikaandikwa upya, na shamba likabaki kwa mama. Lakini mzee karani alikuwa amekwisha kupita miaka 75. Majina mengine ya ukurasa ule hayana tena mtu wa kuyakumbuka.