Mikono Miwili ya Jack Weaver

Ndugu mwandishi, mpelelezi wako anafyatua bastola kutoka kiunoni, mkono mmoja, na adui chali! Hata mimi niliandika hivyo. Lakini historia inatusuta. Miaka ya 1950 huko Big Bear, California, Jeff Cooper na wenzake walishindana kuchomoa bastola na kupiga maputo, yadi 7 tu. Wengi walifyatua haraka kutoka kiunoni, wakakosa. Mwaka 1959 askari wa sherifu wa Los Angeles, Jack Weaver, aliishika kwa mikono miwili, akaiinua usawa wa macho, akalenga ndipo akafyatua. Akawashinda. Cooper hakuona haya: aliacha mtindo wake, akaufundisha wa Weaver. Basi na sisi tulenge kwanza. Kuwahi kukosa si ushujaa.