Habu za kufunga kwenye malori ya jeshi yaliyouzwa kwa raia

Habu za kufunga ni vifaa vinavyokaa kwenye ncha za ekseli ya mbele ya gari la fo-wili, vikimwezesha dereva kuunganisha gurudumu na hafu-shafti yake au kuvitenganisha. Habu ikifungwa, shafti na gurudumu huzunguka pamoja. Ikiachiwa, gurudumu huzunguka peke yake juu ya beringi, huku hafu-shafti, difu na propela ya mbele vikiwa vimetulia, au angalau ndivyo mnunuzi anavyotarajia. Madereva wa Afrika Mashariki wanazifahamu kutokana na Land Cruiser za mfululizo wa 70: kile kitufe cha mviringo katikati ya gurudumu la mbele ambacho utingo hushuka kukizungusha kwa mkono gari linapokaribia tope.

Malori mengi ya jeshi hayakutoka nazo kiwandani. Ncha ya ekseli yake hufungwa flenji nene ya chuma isiyo na namna ya kuachia, na raia anayelinunua lori hilo baada ya jeshi kulichoka hujiuliza mapema au baadaye kama inafaa kuing'oa flenji hiyo na kuweka habu. Kwa gari dogo kama jipu, jibu limekuwa ndiyo tangu miaka ya 1940. Kwa lori la tani 2.5 la Marekani aina ya M35, ambalo ndilo huzua ubishi mwingi, jibu linategemea zaidi transfa iliyo chini ya lori, yaani sanduku la gia linalogawa nguvu kati ya ekseli za mbele na za nyuma, kuliko habu zenyewe.

Asili yake

Jeshi lilikuwa na sababu nzuri ya kuzikataa. Askari anayeendesha usiku bila taa, tope likiwa limefika kwenye ekseli, hapaswi kushuka na kupapasa magurudumu mawili ili apate nguvu ya mbele. Kifaa kinachoweza kusahaulika kitasahaulika siku mbaya kuliko zote. Kwa hiyo jipu la Vita Kuu ya Pili, lililotengenezwa na Willys na Ford kati ya 1941 na 1945 kwa idadi inayozidi 600,000, lilikuwa na fimbo ya kukata nguvu ya mbele kwenye transfa tu. Fimbo hiyo ilisimamisha nguvu lakini haikusimamisha mzunguko: magurudumu ya mbele yaliendelea kuzungusha shafti, difu na propela kila kilomita ya safari, hata kwenye lami kavu.

Vita ilipokwisha, majipu hayo yakauzwa kwa wakulima, wakata mbao na wawindaji, watu waliohitaji fo-wili siku chache na barabara ya kawaida siku zilizobaki. Mwaka 1948 Arthur Warn alianza kutengeneza habu za kufunga mjini Seattle kwa ajili ya majipu hayo hayo ya jeshi, na kampuni yenye jina lake iliendelea kuzitengeneza kwa miongo mingi. Uingereza nako, Fairey iliuza habu za namna hiyo kwa wenye Land Rover za zamani.

Jipu lilipata faida nyingine ambayo pengine haikukusudiwa. Transfa yake haikubali kuingia gia nzito kabla fo-wili haijaingizwa. Habu zikiachiwa, dereva anaweza kuingiza vyote viwili huku magurudumu ya nyuma peke yake yakivuta, akapata gia nzito ya kusogeza tela taratibu kwenye sakafu ngumu bila ekseli mbili kukazana. Mwenye tela uani atakuambia kwamba hilo peke yake linatosha kulipia habu.

M35 na transfa zake mbili

M35 ilianza kutengenezwa mwaka 1950 na ikaendelea, kwa matoleo mbalimbali, kwa zaidi ya miongo mitatu. Ni lori la ekseli tatu zinazovuta zote, lenye uzito wa takriban tani 6 likiwa tupu. Toleo la A2, linalopatikana zaidi mikononi mwa raia, lina injini ya lita 7.8 inayokubali dizeli na mafuta mengine kadhaa. Mwendo wake wa juu ni karibu kilomita 90 kwa saa, na anayelifikisha huko huwa anajua kwa kelele kabla ya kutazama spidi.

Kuna transfa za aina mbili chini ya malori haya, na mnunuzi wa habu ambaye hajalala chini kutazama aliyo nayo anatupa fedha kwa kubahatisha. Aina ya kwanza huendeshwa kwa upepo: dereva anabonyeza swichi, hewa ya breki inasukuma kifaa, nguvu ya mbele inaingia au inatoka. Aina ya pili haina swichi. Ndani yake mna klachi za njia moja, moja kwa kwenda mbele na nyingine kwa kurudi nyuma, na zinaamua zenyewe.

Ufundi wa aina hii ya pili unastahili kuelezwa polepole, kwa sababu ndipo hoja yote ilipolala. Meno ya transfa yamepangwa ili gia ya upande wa mbele izunguke polepole kidogo kuliko propela ya mbele inavyozungushwa na magurudumu. Lori likienda vizuri, barabara inayasukuma magurudumu ya mbele, nayo yanaizungusha propela haraka kuliko gia ya transfa. Klachi inateleza, haishiki kitu. Magurudumu ya nyuma yakianza kuteleza kwenye tope, transfa inaongeza kasi ilhali magurudumu ya mbele yamepunguza. Gia inaifikia propela, klachi inashika, na ekseli ya mbele inaanza kuvuta bila dereva kugusa chochote.

Sasa weka habu na uziachie. Magurudumu ya mbele hayaizungushi propela tena. Oili nzito na beringi zinaipunguza kasi, gia ya transfa inaifikia, na klachi inashika kama ilivyoundwa kushika. Kuanzia hapo injini ndiyo inayozungusha propela, difu na hafu-shafti za mbele, ingawa hazina mzigo wowote. Mwenye lori amelipa ili vitu hivyo vitulie, na bado vinazunguka kwa kasi karibu ile ile. Kwenye transfa ya upepo mambo ni tofauti kabisa: swichi ikizimwa na habu zikiachiwa, kila kitu cha mbele kinasimama kweli.

Hata hivyo transfa ya klachi ina ugonjwa wake ambao habu huutibu. Fimbo inayobadilisha kati ya klachi ya kwenda mbele na ya kurudi nyuma ikiharibika au ikipangwa vibaya, lori linaweza kurudi nyuma likiwa limeshikwa na klachi isiyo yake. Kwenye ardhi ngumu, ekseli zinakazana hadi kitu kivunjike. Vivyo hivyo kwa aliyeweka tairi kubwa mbele kuliko nyuma: tofauti ndogo ya mizunguko ambayo klachi inaitegemea inafutika, na lori linavuta mbele kwenye lami saa zote. Habu zilizoachiwa huzuia madhara hayo, kwa kuwa nguvu haifiki kwenye gurudumu. Ila mtu mwenye busara angerekebisha fimbo na kusawazisha tairi kwanza.

Hesabu ya mafuta

Wauzaji husifu habu kwa kuokoa mafuta. Makadirio mepesi yanaonyesha udogo wa jambo hilo kwa lori la uzito huu. Kwa kilomita 80 kwa saa, M35 tupu inahitaji kilowati kama 50 kushinda upepo na ukinzani wa tairi zake. Kichwa chake cha mraba hakikuundwa kupenya hewa. Tukiwa wakarimu na kusema mzunguko wa ekseli ya mbele unakula kilowati 2, hiyo ni sehemu moja ya 25. Lori linalotumia lita 25 kwa kilomita 100 litaokoa lita moja. Mtu anayeliendesha kilomita 2,000 kwa mwaka, na wengi wa wanaoyaweka malori haya kwa mapenzi hawafiki hapo, ataokoa lita 20, wakati seti ya habu za lori hili hugharimu mamia ya dola. Kwa mafuta peke yake, hoja imekwisha.

Usukani, mtetemo na uchakavu

Faida ya kweli iko kwenye mikono ya dereva. M35A2 ya kawaida haina usukani wa msaada wa majimaji, na kila jointi inayozunguka ndani ya kona za ekseli huongeza ubishi wakati wa kukata kona. Habu zikiachiwa, usukani hulegea kidogo, zaidi katika mwendo wa polepole na kona kali. Faida hii hupatikana kwa transfa zote mbili, kwa sababu gurudumu limetengana na shafti hata kama shafti inaendelea kuzunguka.

Mtetemo wa propela ya mbele iliyochoka krosi zake hupotea pia, lakini kwa lori la transfa ya upepo tu. Ndivyo ilivyo kwa uchakavu wa jointi, difu na sili za oili: kitu kilichosimama hakiliki. Wenye Land Rover za zamani wanajua upande wa pili wa jambo hilo. Beringi za juu za kona ya ekseli yao hupata oili inayorushwa na jointi ikizunguka, kwa hiyo fundi mzuri humwambia mwenye gari afunge habu na kuendesha kilomita kadhaa kila mwezi hata kama hakuna tope.

Ipo faida moja ya dharura isiyosemwa sana. Hafu-shafti au jointi ya mbele ikivunjika porini, mwenye habu huziachia na kurudi nyumbani kwa magurudumu ya nyuma. Mwenye flenji atalazimika kufungua bolti zake kando ya njia.

Hasara

Flenji ya kiwandani ni kipande kimoja cha chuma. Habu ni mkusanyiko wa pete, springi na meno madogo, vyote vikibeba nguvu ambayo imekwisha kuzidishwa na giaboksi, transfa na difu. Difu ya M35 peke yake huzidisha mara 6.72. Katika lori lenye mzigo lililonasa, habu inaweza kuwa ndiyo inayokatika kwanza. Wengine hupenda hivyo, wakiona heri kubadilisha habu kuliko shafti, lakini hoja hiyo ina ladha nzuri zaidi karakana ikiwa karibu.

Kosa la kawaida ni kufunga upande mmoja na kusahau mwingine. Difu isiyo na kufuli hupeleka mzunguko upande usio na kazi, na gurudumu lililofungwa halipati kitu. Dereva huamini ana nguvu ya mbele kumbe hana. Maji nayo huingia habuni kupitia sili ya kitufe, na kitufe kilichoshikwa na kutu hakifungi siku ya haja.

Mahali ambapo hazifai

Humvee haipaswi kufikiriwa kabisa. Transfa yake ina difu ya kati inayogawa nguvu saa zote, na ndani ya habu zake mna gia za kupunguza mwendo. Gurudumu la mbele likiachiwa, difu ya kati humwaga nguvu upande usio na mzigo. Malori mapya ya familia ya FMTV nayo huvuta mbele na nyuma muda wote.

Kwa upande mwingine, pikapu za Chevrolet ambazo jeshi la Marekani lilinunua miaka ya 1980, kama M1008, zilikuja na habu za kufunga tangu mwanzo kwa sababu zilitokana na magari ya kiraia. Dodge M37 ya 1951 hadi 1968, yenye uzito usiofikia nusu ya M35 na fimbo ya transfa mkononi mwa dereva, inanufaika nazo karibu kama jipu.

Kwa M35 yenye transfa ya upepo inayotembea barabarani mara kwa mara, habu zinafaa kwa ajili ya usukani na uchakavu; kwa ile ya klachi, ni anasa. Mwenye shaka anaweza kujaribu bila kununua chochote: afungue bolti za propela ya mbele, aiweke kando, aendeshe lori wiki moja kwenye barabara kavu. Asipohisi tofauti yoyote kwenye mtetemo au kelele, basi kati ya faida za habu anazoweza kuzihisi atakuwa amebakiwa na wepesi mdogo wa usukani, na fedha yake itafaa zaidi kwenye krosi mpya na tairi zinazolingana.