Neno na Matumizi: Utitiri

Duka moja la pembejeo limebandika tangazo la mafuta ya kuua “vidukari wanaosuka utando” kwenye nyanya. Vidukari hawasuki utando. Anayesuka ni utitiri, jamaa wa kupe na buibui, mwenye miguu minane. Kidukari ni mdudu wa miguu sita. Si ubishi wa bure: viuadudu vingi havimwezi utitiri, ila huua wadudu wanaomla, naye akazidi kuzaana.

Wafugaji wanalijua neno hili bandani, utitiri anapowawasha wao na kuku wao. Magazeti yamelichukua kwa wingi unaokera: utitiri wa kodi, utitiri wa vyama. Hapo sina ugomvi, mradi mtu asituandikie “utitiri wa baraka”.

Hayo mafuta nayo msiyaite sumu. Humfunika utitiri na kumziba pumzi, kwa hiyo asiyeguswa hafi. Kunyunyizia juu ya jani ni kupoteza pesa. Yeye hukaa upande wa chini. Nyunyizia jioni, maana kwenye jua kali mafuta huunguza majani, na usichanganye na salfa.