Mpangaji Katika Nyumba ya Mkristo

Vitabu vya kumbukumbu ya miaka mia moja huanza kwa kueleza habari za majengo, wachungaji, wainjilisti, kwaya na vikundi vya akina mama. Hayo yote yanastahili kuandikwa. Hata hivyo, ipo historia nyingine isiyo na jiwe la msingi wala picha ya kutundikwa ukutani. Hiyo ni historia ya namna kaya za Wakristo zilivyojikimu ili watoto wasome, wagonjwa watibiwe na bahasha ya ahadi isirudi tupu madhabahuni. Miongoni mwa njia zilizotumika, moja ilitumiwa na wengi lakini ikasemwa hadharani na wachache: kumpokea mpangaji ndani ya nyumba ya familia.

Ukimya huo ulikuwa na sababu. Katika mila za makabila mengi ya nyanda za juu kusini, mgeni hupewa chakula na mahali pa kulala bila kudaiwa kitu. Kumtoza fedha mtu anayelala chini ya paa lako kulionekana kama kuuza ukarimu. Baba wa familia aliyepangisha chumba aliogopa majirani wasije wakasema mji wake umemshinda. Makala hii inaeleza, kwa mfano wa mji wa Mlowo, jinsi kaya zilivyoivuka aibu hiyo. Inaonyesha pia kwamba swali lenye uzito halikuwa kodi yenyewe. Swali lilikuwa ni nani anawajibika kwa nani, watu wanapokaa chini ya paa moja.

MLOWO, MJI WA NJIANI

Mlowo ipo katika Wilaya ya Mbozi, kando ya barabara kuu itokayo Mbeya kwenda Tunduma, kabla ya kufika Vwawa. Wenyeji wa eneo hilo ni Wanyiha, watu wa jembe. Kwa upande wa Injili, walifikiwa kwanza na Wamoraviani. Ikumbukwe kwamba mwaka 1891 wamisionari wa Berlin na wale wa Herrnhut waliingia katika nchi ya Konde kwa wakati mmoja, nao wakakubaliana kugawana kazi kwa kufuata mstari wa longitudo 34. Walutheri wa Berlin walichukua upande wa mashariki na Wamoraviani upande wa magharibi. Mbozi iliangukia magharibi, na kituo cha misioni ya Moraviani kikafunguliwa huko mwishoni mwa karne ya 19.

Kwa mpango huo, Mlutheri aliyefika Mbozi miaka ya baadaye alikuwa mgeni hata kwa mujibu wa ramani ya misioni. Alikuja akiwa mwalimu, mganga, karani au mfanyabiashara kutoka mashariki ya mstari ule. Mtu anayefika mahali asipo na shamba wala ndugu hana budi kuanza kwa kutafuta chumba, na mwenye nyumba wake angeweza kabisa kuwa Mmoraviani. Ndiyo maana historia ya mpangaji ni sehemu ya historia ya Kanisa, kwa kuwa wako waliofika wakiwa na sanduku moja na godoro, wakaishia kuwa wazee wa usharika.

Wageni waliongezeka baada ya barabara na reli kupita. Barabara kuu ya kwenda Zambia ilijengwa kwa kiwango cha lami kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960. Ujenzi wa Reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ulianza mwaka 1970. Mataruma yalifika Tunduma mwaka 1973, na reli nzima ikakabidhiwa mwaka 1976. Vijiji vya kando ya barabara vikawa miji ya biashara ya kahawa na mahindi. Mwaka 2016 Mkoa wa Songwe ulianzishwa kwa kumegwa kutoka Mkoa wa Mbeya, na haja ya vyumba ikazidi. Wakazi wa eneo la mkoa huo walikuwa 998,862 katika sensa ya mwaka 2012. Katika sensa ya mwaka 2022 walikuwa 1,344,687.

KAHAWA, ADA NA MIEZI YA NJAA

Mbozi ni nchi ya kahawa, na kahawa ina kalenda yake. Huanza kuvunwa katikati ya mwaka, na fedha yake hufuata baadaye. Shule nazo hufunguliwa mwezi Januari, wakati ambapo fedha ya mavuno imekwisha kutumika, mbolea inahitajika na ghala la mahindi limeanza kupungua. Katika pengo hilo ndipo kaya nyingi zilipokwama.

Pengo hilo lilizidishwa na mambo yaliyotoka mbali. Mwaka 1989 makubaliano ya kimataifa ya kugawana soko la kahawa yalivunjika na bei ikashuka ghafla. Baridi kali iliyoharibu mibuni ya Brazil mwaka 1994 iliipandisha tena, na katika miaka hiyo hiyo wanunuzi binafsi wakaruhusiwa kuingia katika soko la kahawa la Tanzania. Lakini kufikia mwaka 2001 bei ya dunia ilikuwa imeanguka chini ya senti 50 za Kimarekani kwa ratili. Wakati huo ada ya sekondari, iliyorudishwa katikati ya miaka ya 1980, haikungoja bei ya kahawa ipande.

Hapo ndipo chumba kilipoonekana kuwa shamba lisilotegemea mvua. Kijana mkubwa aliyekwenda kutafuta kazi Mbeya au Tunduma aliacha chumba kitupu. Au familia ilifyatua tofali, ikazichoma, ikainua banda la vyumba viwili uani na kuliezeka bati. Mwalimu mgeni alihamia, na kila mwezi ikaingia fedha ambayo haikuwa nyingi lakini ilikuwa ya hakika. Kwa kaya iliyozoea kupokea fedha mara moja kwa mwaka, hakika hiyo ilikuwa na thamani kuliko kiasi chenyewe.

Gharama yake nayo isifichwe. Mara nyingi aliyetoa chumba si baba, bali watoto waliohamishiwa sebuleni kulala kwenye mkeka. Maji ya mtu mmoja zaidi yalichotwa na mama na binti zake. Choo kilikuwa kimoja, ua ulikuwa mmoja, na ugomvi wa nyumba ukawa na msikilizaji. Umeme ulipofika, mita moja ya watu wengi ikaleta maneno kuhusu nani ametumia zaidi. Kodi iliandikwa kuwa mapato ya baba, lakini wengi walioilipia kwa jasho hawakutajwa.

DESTURI YA KALE NA SHERIA MPYA

Kaya za Mlowo hazikuwa za kwanza kufanya hivyo. Katika miji ya pwani, na hasa Kariakoo ya Dar es Salaam, nyumba ya Kiswahili ilijengwa ikiwa na ukumbi katikati, vyumba pande mbili na ua nyuma. Mwenye nyumba alikaa chumba kimoja au viwili, na vilivyobaki akavipangisha. Kwa wajane na wanawake wasio na mume, nyumba ya namna hiyo ilikuwa pensheni yao. Umbo hilo la nyumba lilisafiri na biashara hadi miji ya bara, na hata leo ukumbi wake unaonekana katika nyumba nyingi za miji ya kando ya barabara.

Taifa nalo lilipata kujiuliza kama kupangisha ni haki. Azimio la Arusha, lililopitishwa na TANU mwaka 1967, lilimkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha, kama lilivyomkataza kuwa na mishahara miwili. Mwaka 1971 sheria ikaipa Serikali uwezo wa kutwaa majengo yenye thamani inayozidi shilingi 100,000. Yaliyolengwa ni majengo ya kupangishwa, si nyumba ambayo mwenyewe aliishi na familia yake. Hoja ilikuwa kwamba mtu asiishi kwa jasho la mwenzake. Mwaka 1991 uamuzi wa CCM uliofikiwa Zanzibar ulilegeza miiko hiyo, na viongozi wakaruhusiwa kupangisha. Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba, iliyotungwa upya mwaka 1984, nayo ilifutwa mwaka 2005.

Katika mabadiliko hayo yote kuna jambo la kujifunza. Wale wa mwaka 1971 waliona tofauti kati ya mwenye jengo asiyekaa humo na mtu anayeishi katika nyumba yake mwenyewe. Tofauti hiyo haikufutwa na sheria zilizofuata. Tangu udhibiti wa kodi uondoke, imezoeleka mpangaji kudaiwa kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo, na dalali akadai mwezi wake juu. Kwa mwenye nyumba, mkupuo huo hulipa ada ya Januari yote. Kwa mwalimu wa ajira mpya ambaye mshahara wake wa kwanza haujatoka, mkupuo huo huo ni deni la kuanzia maisha. Hivyo shida ya kaya moja huweza kutatuliwa kwa kuihamishia mabegani mwa mtu mwingine.

NYUMBA YA WITTENBERG

Kwa Walutheri, mfano wa karibu zaidi umo katika nyumba ya Martin Luther mwenyewe. Alipomwoa Katharina von Bora tarehe 13 Juni 1525, waliishi katika iliyokuwa monasteri ya Waagustino mjini Wittenberg. Jengo lilikuwa kubwa na mfuko ulikuwa mdogo. Luther hakuwatoza wanafunzi ada ya mihadhara wala hakuchukua malipo kwa vitabu vyake, naye alikuwa mwepesi wa kugawa alichonacho. Aliyeiokoa kaya ni Katharina. Alilima, alifuga, alipika bia, na vyumba walivyokaa watawa akavijaza wanafunzi waliolipia malazi na chakula.

Mazungumzo ya Mezani ya Luther, yanayosomwa hadi leo, yaliandikwa na watu waliokula katika meza hiyo, wengi wao wakiwa wanafunzi na wageni wa nyumba. Bila wapangaji wa Katharina, sehemu kubwa ya maneno hayo ingepotea. Lakini utulivu ulipungua. Mwaka 1542 mtawala Georg wa Anhalt alishauriwa asifikie humo kwa sababu ya wingi wa watu na kelele: wanafunzi, wajane, yatima na watoto, wote mahali pamoja.

Luther alifariki tarehe 18 Februari 1546. Vita vilimkimbiza Katharina, na aliporudi mwaka 1547 alikuta mashamba yake yameharibiwa. Akarudia kazi aliyoijua, akafungua vyumba tena. Hakuna aliyeweza kusema kwamba mjane huyo aliuza ukarimu. Alifariki tarehe 20 Desemba 1552 akiwa amewalea watoto wake kwa kodi ya vyumba na mazao ya shamba.

Maandiko Matakatifu nayo yanaonyesha njia zote mbili bila kuzigombanisha. Mwanamke wa Shunemu alimjengea Elisha chumba bila malipo. Mtume Paulo alikaa na Akila na Prisila huko Korintho akifanya kazi pamoja nao, na mwisho wa Kitabu cha Matendo unamwacha Rumi katika nyumba aliyoipanga kwa fedha yake.

MTOTO WA MWENZIO CHINI YA PAA LAKO

Katika miaka ya karibuni mpangaji amebadilika sura. Tangu shule za sekondari za kata zilipoenea kwa kasi kuanzia mwaka 2006, watoto wengi nchini walipangiwa shule zilizo mbali na vijiji vyao, na zisizo na mabweni. Wazazi waliwapangia vyumba karibu na shule. Wenyewe huviita mageto. Ada ya sekondari katika shule za Serikali iliondolewa kuanzia Januari 2016, lakini kodi ya geto haikuondolewa. Msichana wa miaka 14 anajipikia, anajifungia mlango mwenyewe, na akiugua usiku hana wa kumwita. Wengi wamepoteza masomo yao hivyo.

Hapa ndipo swali la mwanzo linaporudi kwa uzito wote. Mwenye nyumba anayepokea fedha ya mtoto huyo amepokea nini? Akihesabu kodi tu, amepangisha kuta na bati. Lakini mama akiuliza kila jioni kama binti amerudi, akimkatalia mgeni asiyejulikana mlangoni na kumhesabu katika chungu siku ambayo unga wake umekwisha, basi amempokea mtu. Kodi inaweza kuwa ile ile katika nyumba zote mbili.

Ndiyo maana aibu ya zamani haikuwa ya lazima, ingawa ilikuwa na hekima ndani yake. Kaya iliyobanwa na maisha haikutenda dhambi kwa kufungua mlango na kupokea kodi. Kwa njia hiyo watoto walisoma, na mgeni akapata mahali pa kuanzia. Hatari ilikuwa ni kusahau kwamba aliye nyuma ya mlango ule bado ni mgeni kwa maana ya kale, hata kama amelipa. Usharika unaposhukuru kwa miaka mia moja, na uwakumbuke akina mama waliochota ndoo ya ziada, watoto waliolala sebuleni, na wapangaji waliolipa kwa wakati ilhali nao walikuwa na shida zao. Kwa fedha zao ndogo ndogo bahasha nyingi zilifika madhabahuni. Mungu aliyewatunza chini ya paa moja na atukuzwe.