Magome ya Miwati na Chembe Nzito

Kabla Kesses haijawa mji wa wanafunzi, ilikuwa nchi ya miwati, miti yenye asili ya Australia iliyopandwa katika nyanda za Uasin Gishu nchini Kenya kwa ajili ya magome yake, ambayo kampuni ya East African Tanning Extract, iliyojulikana na watu kwa jina la EATEC, iliyapeleka kiwandani Eldoret, yakakatwakatwa na kuchemshwa mpaka tanini, dawa ya kutengenezea ngozi, ikatoka ndani yake na kuenea majini. Kazi ile, ijapokuwa nzito kwa wachuna magome, ilisimama juu ya kanuni adhimu ya maumbile: molekyuli kubwa hujipenyeza polepole katikati ya halaiki ya molekyuli za maji ziisukumazo huku na huku bila taratibu, na joto likizidi, safari hufupika.

Kanuni hiyo ilipata hesabu yake mbali na Afrika. Mwaka 1827 Robert Brown, mwanazuoni wa mimea, aliona chembe zitokazo katika chavua zikitetemeka majini. Albert Einstein akaieleza sababu mwaka 1905. Na mwaka 1908 Paul Langevin akaandika mlinganyo uliotenganisha mambo mawili, ukinzani uipunguziao chembe mwendo na misukumo ya nasibu iurudishayo, nao, kwa rai yangu, ni katika tunu kubwa za elimu ya karne iliyopita.

Chuo Kikuu cha Moi kiliasisiwa mwaka 1984, kufuatia ushauri wa tume ya Mackay, huko huko Kesses, yapata kilomita 36 kutoka Eldoret, na wanafunzi 83 wa kwanza, waliohamishwa kutoka Nairobi, walikuwa wa elimu ya misitu. Fizikia nayo ikapata makao pale, na mlinganyo wa Langevin ukawa na mahali pa kusomwa katika nchi ile ile ya miwati.

Wakati huo mlinganyo ulikuwa ukielekea kwenye joto ambalo hakuna birika lililowahi kulijua. Katika mitambo ya Brookhaven, Marekani, na ya CERN karibu na Geneva, viini vya dhahabu na vya risasi vimegonganishwa mpaka protoni na nyutroni zikayeyuka kuwa umajimaji wa kwaki na gluoni, chembe ziziundazo, wenye joto lipitalo digrii trilioni 4. Humo kwaki ya chamu, iliyogunduliwa mwaka 1974, ambayo peke yake ni nzito kuliko protoni nzima, husukumwa na chembe nyepesi kama ilivyosukumwa tanini.

Lakini viini vikipishana ubavu kwa ubavu, chaji zake huzaa uga wa sumaku uupitao hata ule wa nyota za nyutroni zenye sumaku kali kabisa. Kwaki nyepesi hulazimika kufuata mistari ya uga huo, na kwa hiyo haziipigi tena kwaki nzito kwa usawa kutoka pande zote. Kenji Fukushima na wenzake, katika hesabu zilizochapishwa mwaka 2016, walionyesha kwamba katika uga mkali mno misukumo ya kukingama na uga huwa mikubwa kuliko ile iuandamayo. Hivyo kipimo kimoja cha kusambaa, kilichotosha majini, hakitoshi tena, bali vyahitajika viwili. Wala uga wenyewe haudumu: viini vikishaachana hufifia upesi mno, isipokuwa umajimaji ule, kwa kupitisha umeme, huenda ukauchelewesha kidogo, na ni kiasi cha kuchelewa huko wanachoshindania wanafizikia leo.