SEHEMU YA 6: Mzani wa kupima hatua za mtoto

Nimetoka zamu, chai iko pembeni, tuendelee. Kwenye sehemu ya 5 mama mmoja mwenye mtoto mwenye mtindio wa ubongo aliniuliza: "Sista, mtoto akichechemea, daktari anajuaje arefushe msuli upi?"

Zamani alimwangalia tu akitembea kwenye korido. Lakini jicho linaona mguu, halioni nguvu ambayo mguu unakandamizia sakafu. Mwaka 1872 huko Paris, Gaston Carlet, aliyefanya kazi na Étienne-Jules Marey, alitumia viatu vyenye hewa ndani ya soli. Ukikanyaga, hewa inasukumwa kwenye mpira hadi kwenye kalamu, kalamu inachora. Jamani, 1872!

Baadaye yakaja mabamba ya kufukia sakafuni. Fikiria ule mzani wa kliniki, ila huu unapima pia ukisukumwa mbele, nyuma na pembeni. Mtu akitembea kawaida, mchoro unatoka kama nundu mbili za ngamia: moja anapopokea uzito, nyingine anapojisukuma aende mbele. Mtoto anayetembelea vidole, nundu zake zinakuwa tofauti kabisa.

Sasa mwambie mtoto wa miaka 5 akanyage bamba dogo kwa mguu mmoja tu, tena bila kulitazama! Ataliruka, ataweka miguu yote miwili, mtarudia mpaka achoke alie. Na akilenga bamba, huo si mwendo wake tena.

Mwaka 1989 huko Marekani, Rodger Kram na Alan Powell wakaweka bamba chini ya mkanda wa mashine ya kukimbilia, kama zile za gym. Hatua zikapimwa mfululizo, ila nguvu ya kwenda chini tu. Mwaka 1998 Kram na wenzake wakaja na mashine iliyopima na ile ya mbele na nyuma. Siku hizi zipo za mikanda miwili, kila mguu na wake.

Kwa nini nawachosha na haya? Mercer Rang, daktari wa mifupa ya watoto huko Toronto, aliita hali moja ugonjwa wa siku ya kuzaliwa. Mwaka huu mtoto anafanyiwa operesheni ya kisigino, mwakani goti, mwaka mwingine nyonga, kila birthday yuko wodini. Vipimo vya mwendo, kwa kamera na yale mabamba ya sakafuni, ndivyo vilivyosaidia madaktari kupanga marekebisho yote yafanyike kwa mara moja.

Mashine hiyo nayo ina kasoro zake. Mtoto akishika vyuma vya pembeni, uzito unahamia mikononi, kipimo kinaharibika. Wengine wanaogopa mkanda, inabidi wazoeshwe kwanza.

Kama hospitali yako haina, mrekodi mtoto kwa simu akitembea pekupeku, kaptula juu ya magoti, mara moja kwa mbele, mara moja kwa pembeni. Usimwambie "tembea vizuri". Siku ya kliniki mwonyeshe daktari hiyo video.