Geji Finyu, Si Reli Nyembamba

Kaunti za Kisii na Nyamira hazina hata kilomita moja ya reli, ila mjadala wa reli zinao. Tangu ichorwe njia ya kutoka Naivasha kwenda Kisumu kupitia Narok na Bomet, kaunti iliyo jirani na Nyamira, "reli ya kisasa" imekuwa ikilinganishwa na "reli nyembamba" ya mkoloni. Majina yote mawili yanapotosha. Kinachotofautiana ni nafasi baina ya kingo za ndani za vyuma viwili, na nafasi hiyo mafundi huiita geji. Njia iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ikafika Kisumu 1901 ina geji ya milimita 1,000, kipimo kilichokwisha kuzoeleka India, zilikotoka injini zake za mwanzo. Ile "ya kisasa", iliyozinduliwa 2017, ina 1,435. Vyuma vya njia ile ya zamani viling'olewa baadaye vikawekwa vizito zaidi, na nafasi ikabaki ile ile; reli ilinenepa, geji haikupanuka. Nalo neno "kisasa" limekosea kalenda: Bunge la Uingereza liliuwekea upana wa 1,435 sheria mwaka 1846, miaka 50 kabla ya kazi kuanza Mombasa, ilhali TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia iliyokamilika miaka ya 1970, ni ya 1,067, yaani finyu.

Kosa hili tungewaachia wanaleksikografia lau lisingezaa historia mbovu. Anayesikia "nyembamba" husikia unyonge, na ni rahisi kuhitimisha kwamba milima ya Gusii, yaani Kisii na Nyamira, iliishinda reli ya aina hiyo. Mambo ni kinyume. Geji finyu hukunja kona kali zaidi na haidai kuchimbua mlima sana, ndiyo maana ilipendwa milimani: njia ya Darjeeling, India, ya mwaka 1881, ina milimita 610 tu na hupanda zaidi ya mita 2,000 hadi kwenye mashamba ya chai. Gusii ilirukwa kwa sababu shabaha ilikuwa ziwa na Uganda ng'ambo yake. Treni ilifika Kisumu kabla Waingereza hawajawashambulia Abagusii mwaka 1905 na tena 1908. Matawi ya baadaye, kama ya Kitale na Nanyuki, yalifuata mashamba ya walowezi. Hayo yalikuwa maamuzi ya siasa na biashara, na futi ya fundi haikuyapima.

Atatokea wa kusema kwamba geji ni Kiingereza kilichovishwa kanzu, tena kila dereva wa matatu anayo geji yake ya mafuta. Lakini reli, stesheni na injini ziliingia kwa mlango huo huo, na muktadha hutenganisha maana bila taabu. "Upana wa reli" unavutia, ila unaturudisha palepale: upana wa chuma, au wa njia? Hoja nzito zaidi ni kwamba watu wamekwisha kuzoea "reli ya kisasa". Basi ibaki jina la huduma kwenye tiketi na matangazo. Vitabuni, na katika ripoti za kaunti, tuandike geji sanifu kwa 1,435, geji ya mita kwa 1,000, na geji finyu kwa yoyote iliyo chini ya sanifu. Naivasha, makontena huhamishwa kutoka mabehewa ya njia moja hadi ya nyingine kwa kuwa magurudumu hayaingiliani, na kinachoyazuia si usasa wala ukongwe, ni milimita 435.